Saa ya bibi: kisa cha binti aliyehamia kwa mama yake akiwa na miaka 14

Aliletwa kwangu kwa sababu ya usingizi. Karatasi ya mwalimu wake wa darasa ilitaja mambo matatu: analala darasani, hajibu akiulizwa, hana rafiki. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, mwalimu alikuwa ameongeza: "Labda ni lugha." Binti alikuwa na miaka 14, na ilikuwa miezi saba tu tangu ahamie nchi anakoishi mama yake. Kabla ya hapo alilelewa na bibi, mama wa mama yake, tangu akiwa na miaka 6.

Mimi ni mshauri nasaha, na nilikabidhiwa binti huyu kwa kuwa tunazungumza lugha moja. Nimeacha au kubadilisha kila kinachoweza kumtambulisha, ndiyo maana sitaji alikotoka wala alikofikia. Nakiandika kisa hiki kwa sababu sisi watu wazima tuliomzunguka tulitafuta tatizo lake mahali lisipokuwapo, na tulipodhani tunamsaidia tukamtonesha kidonda.

Kikao cha kwanza

Karibu nusu saa nzima hakusema kitu. Alikaa ukingoni mwa kiti, begi bado liko mgongoni, simu ameiweka mezani. Kioo cha simu kilipowaka niliona saa inasema kumi na mbili jioni. Sisi tulikuwa saa nne asubuhi. Nikamwambia, kwa kutafuta tu neno la kuanzia, kwamba simu yake haijarekebishwa tangu aje. Akaigeuza kifudifudi. Baada ya muda mrefu akasema bila kuniangalia, "Imerekebishwa. Hiyo ni saa ya bibi."

Tofauti ilikuwa saa nane. Akitoka shule alasiri, bibi amekwishalala. Bibi akiamka alfajiri, kwa mjukuu ni usiku, na asubuhi nzima ya bibi inaangukia katikati ya usiku wa mtoto. Basi mtoto alikuwa anakesha. Alijifunika shuka, akapunguza mwanga wa simu mpaka mwisho, akasubiri bibi amalize kazi zake za asubuhi apate nafasi ya kuzungumza. Mara nyingine hawakuzungumza lolote. Bibi aliacha simu wazi akiendelea na shughuli, na binti akalala kwa kusikia milango ya nyumba ile ikifunguliwa na kufungwa.

Hayo alinieleza katika kikao cha tatu. Katika kile cha kwanza niliandika tu: "Anakesha na simu."

Kosa langu

Nilifanya ambalo wengi wangefanya. Nilimwita mama yake, nikamweleza kwamba mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, kwamba simu usiku inaufukuza usingizi, na kwamba ingefaa simu ilale chumbani kwa mama. Kila neno katika ushauri huo ni kweli. Mama alikubali haraka, maana hata yeye alikuwa akigombana na binti kuhusu simu hiyo hiyo.

Baada ya wiki mbili binti alikuwa halali kabisa, ila sasa hana hata wa kuzungumza naye. Chakula alikigusa tu na kukisukuma. Kichwa kilimuuma kila asubuhi, na tumbo likafuata. Alipelekwa hospitali mara mbili, akapimwa, hakukuonekana ugonjwa. Siku moja akajifungia bafuni, akakataa kwenda shule. Mama aliponipigia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka mifupa: "Mwalimu, nimefanya kazi za usiku miaka minane ili mtoto huyu alale chini ya paa moja na mimi. Sasa ananiangalia kama mwenye nyumba anayedai kodi."

Hapo ndipo nilipoanza upya. Niliacha kuuliza kwa nini halali, nikauliza amepoteza nini.

Alichokipoteza

Mama alipoondoka, mtoto alikuwa na miaka 6. Alilia kwa wiki kadhaa, halafu akafanya wanachofanya watoto wote wenye mtu wa kuwashika: akahamishia moyo wake kwa aliyekuwapo. Bibi ndiye aliyekaa naye usiku wa homa, bibi ndiye aliyejua anaogopa nini. Mama akawa sauti ya simu, sauti nzuri, yenye ahadi. Huko alikokuwa, mama alikuwa anashughulikia kibali cha kumleta. Maombi yakarudishwa, nyaraka zikaisha muda, zikaombwa upya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 10, unazitaka nchi zishughulikie maombi ya kuunganisha familia kwa utu na kwa haraka. Miaka minane si haraka kwa mizani yoyote ile, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfanya mama kuwa mgeni na bibi kuwa mama.

Kibali kilipotoka, binti aliambiwa wiki tatu kabla ya safari. Hakuna aliyemuuliza. Kibali kilikuwa na jina lake peke yake.

Sasa tazama jambo hili kwa macho yake. Watu wote walimpongeza: majirani, walimu wa zamani, rafiki zake wenyewe. "Hongera, unakwenda kwa mama." Kila hongera ilimziba mdomo zaidi, kwa sababu angewezaje kusema kwamba anaondolewa kwa mama yake wa pili ili apelekwe kwa mtu anayemjua kwa sauti tu? Kwetu sisi ile ilikuwa siku ya kuungana. Kwake ilikuwa mara ya pili anatenganishwa na mtu aliyemlea, na safari hii hata kulia hakuruhusiwa.

Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, ametumia miaka mingi kueleza aina ya msiba usiokuwa na mwisho wazi, ambapo mtu yupo na hayupo kwa wakati mmoja. Bibi yuko hai. Anaonekana kwenye kioo, anacheka, anauliza habari za shule. Ila hashikiki. Aliyefiwa hupewa pole, watu hukaa naye, kazi husimama kidogo. Huyu alitakiwa asubuhi yake ya tatu avae sare aende shule. Huzuni isiyopata pole haiondoki. Inahamia kwenye kichwa, tumbo, usingizi na hasira.

Na hasira ilikuwapo. Nataka nisisitize hili kwa wazazi na walimu, kwa sababu tunaposikia neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, tunamtazamia mtu anayelia. Vigezo vya kitabibu vyenyewe vinakubali kwamba kwa watoto na vijana wa umri huu sonona inaweza kuonekana kama kukasirika ovyo, kujibu kwa ukali, kugombana kwa jambo dogo. Mama aliiona hasira hiyo akaiita utovu wa adabu na kukosa shukrani. Shuleni, ambako hakuwa na maneno ya kukasirikia, hasira hiyo hiyo iligeuka ukimya, wakaiita lugha.

Nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Watu huogopa swali hili, wakidhani litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Halifanyi hivyo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Alijibu, "Sitaki kufa. Nataka nilale, halafu nikiamka niwe nimerudi." Sikulipuuza jibu hilo. Siku hiyo hiyo tulikubaliana na mama nani ataambiwa nini mambo yakizidi, na tukamwona daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alithibitisha sonona ya kiwango cha wastani na kupendekeza tuanze na tiba ya mazungumzo kabla ya kufikiria dawa.

Kwa nini umri huu

Kuna anayeuliza: mbona watoto wadogo huhama na baada ya mwaka wanacheza kama wamezaliwa huko? Na mbona mama mwenyewe alihama akavumilia? Mtoto mdogo akihama na wazazi wake, sehemu kubwa ya dunia yake inahama naye. Mtu mzima ameamua mwenyewe, na ana jibu la swali "nimekuja kufanya nini." Kijana wa miaka 14 hana hata kimoja kati ya hivyo. Hakuchagua kuja, na dunia yake imekwishatoka mikononi mwa walezi na kuhamia kwa wenzake wa rika. Hao ndio kioo anachojitazamia. Ukimhamisha, umekivunja kioo wakati ule ule sura yake inabadilika.

Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyeandika sana kuhusu umri huu, aliona kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujibu swali la "mimi ni nani," na kwamba asiyepata jibu hubaki katika mkanganyiko. Yeye mwenyewe alizaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani mwaka 1933, na sidhani kama ni bahati tu kwamba jambo hili alilishika vizuri kiasi hicho.

Tena huu ndio umri ambao magonjwa mengi ya akili huanza, hata kwa wasiohama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo kijana anayehama anapita kwenye kipindi ambacho tayari kina mashimo, huku amebeba mzigo ambao wenzake hawana.

Nisieleweke vibaya. Kuhama si ugonjwa. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria watu milioni 304 wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa, na wengi wao wako vizuri. Ila iko habari moja ya utafiti ambayo haijanitoka akilini. Mwaka 1932 daktari wa Norwei, Ørnulv Ødegaard, alionyesha kwamba Wanorwei waliohamia Minnesota walilazwa kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwapo, kwa kiwango kikubwa kuliko waliobaki nyumbani. Wengi walidhani basi wanaohama ni wale ambao tayari ni dhaifu. Mwaka 2005 Elizabeth Cantor-Graae na Jean-Paul Selten walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakakuta hatari hiyo kwa waliohama ni takriban mara 2.7 ya wenyeji, na kwa watoto waliozaliwa huko ugenini ni mara 4.5. Ugonjwa wenyewe bado ni wa nadra, na wengi mno hawataupata. Lakini mtoto aliyezaliwa ugenini hajasafiri popote. Kama hatari yake ni kubwa kuliko ya mzazi aliyesafiri, basi safari peke yake haiwezi kulaumiwa; inabidi tutazame maisha wanayoyakuta huko, jinsi wanavyopokewa na jinsi wanavyotengwa.

Shuleni

Mapokezi ya binti huyu yalikuwa hivi. Kwa kuwa hakuijua lugha, aliwekwa darasa la watoto wa miaka 12. Alikuwa mrefu kuliko wote, mwili wake umekwishabadilika, na kwenye picha ya darasa amepinda magoti ili asijitokeze. Alinionyesha picha hiyo, akaweka kidole juu yake mwenyewe, akasema, "Huyu jitu." Hesabu walizokuwa wanafundishwa alikuwa amezimaliza zamani. Alipoandika jibu kwa njia aliyofundishwa alikotoka, mwalimu aliweka alama ya kuuliza pembeni. Baada ya hapo akaacha kuandika.

Mkutano wa kwanza wa wazazi uliendeshwa kwa tafsiri ya mama. Yaani kila alichosema mtoto kilipita kwa mtu ambaye mtoto alikuwa na ugomvi naye. Aliulizwa kama ana furaha. Mama akatafsiri swali, kisha akalijibu mwenyewe.

Kuhusu lugha, walimu wengi wanadanganywa na masikio yao. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitofautisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambayo mtoto huishika kwa takriban miaka miwili, na lugha ya masomo, ambayo huchukua kati ya miaka mitano na saba kuwafikia wenyeji. Maana yake, kijana aliyehama akiwa na miaka 14 anaweza kumaliza shule kabla lugha ya mitihani haijakomaa mdomoni mwake. Ukimpima akili kwa lugha hiyo utampima vibaya, na yeye ataamini kipimo chako.

Tuliiomba shule mambo machache: apimwe hesabu kwa lugha yake, asome hesabu na michezo na wenzake wa umri wake, na mikutano yote iwe na mkalimani asiye ndugu. Shule ilikubali mawili ya kwanza baada ya mvutano, la tatu ikalikubali papo hapo. Jambo la hesabu lilichukua siku moja kulimaliza. Alirudi kwangu na karatasi ya jaribio ameikunja mara nne. Alipata zaidi ya wengi wa wenzake. Hakutabasamu, ila begi alilivua, akaliweka chini. Ilikuwa mara ya kwanza.

Simu ya watu watatu

Tuliirudisha simu. Hilo nililisema mbele ya mama na binti kwa pamoja, kwamba mimi ndiye niliyekosea na kwamba mama alifuata ushauri wangu. Kisha tukapanga na bibi. Kila usiku saa nne, ambayo kwake ni saa kumi na mbili asubuhi, bibi angepiga yeye, dakika ishirini, halafu simu inakwenda kulala sebuleni. Jumamosi na Jumapili wangezungumza wapendavyo. Tofauti iko hapa: usingizi haukudai tena amwache bibi, na bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa lala, mjukuu wangu."

Katika kikao cha saba bibi alikuwa kwenye simu, mama na binti wakiwa chumbani kwangu. Sikuwa na mengi ya kufanya. Bibi alimsikiliza kila mmoja, kisha akasema na mjukuu kwanza: "Mimi sikukufukuza. Nilikupeleka kwa mwenyewe, na mimi nililia humu ndani ulipoondoka." Binti hakuwahi kujua kwamba bibi alilia. Siku ya safari bibi alijikaza uwanja mzima wa ndege ili asimvunje moyo, na mtoto akaondoka akiamini kwamba hakuumia yeyote isipokuwa yeye. Halafu bibi akamgeukia mama: "Na wewe mwanangu, usimdai shukrani sasa hivi. Bado yuko njiani."

Mama alinyamaza. Kwa miezi yote hiyo alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila wakigombana, kwamba yote aliyafanya kwa ajili ya binti. Ni kweli aliyafanya. Lakini sentensi hiyo haimwachii mtoto nafasi ya kuumia. Akiumia tu anakuwa mkosaji. Siku hiyo mama alisema kitu kingine: "Nilikuacha. Nilikuwa na sababu, lakini nilikuacha." Binti alimtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu waanze kuja pamoja, na akauliza swali aliloliweka tangu ana miaka 6: kwa nini aliondoka usiku, yeye akiwa amelala. Mama alisema hakuweza kuondoka akiwa anatazamwa. Walilizungumza hilo kwa karibu saa nzima. Mimi niliwaongezea muda na kuahirisha mtoto aliyefuata, ambaye naye nilimwomba radhi.

Familia hii si ya peke yake. Carola Suárez-Orozco na wenzake, waliowafuatilia kwa miaka mitano watoto wahamiaji takriban 400 nchini Marekani, walikuta kwamba wengi walikuwa wametenganishwa na mzazi mmoja au wote wakati wa kuhama. Kwa hiyo mwalimu au daktari anapompokea kijana mgeni, swali la "ulikuwa unaishi na nani kabla ya kuja" lapaswa kuwa la mwanzo kabisa. Mimi sikuliuliza mpaka kikao cha tatu, na fomu yetu haikuwa nalo. Sasa tumeliweka.

Kati ya huku na huko

Kulikuwa na mvutano wa mwisho. Mama alitaka nyumbani wazungumze lugha mpya tu, ili mtoto aizoee haraka. Nilimpinga. John Berry na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13, walikuta kwamba waliokuwa vizuri zaidi kisaikolojia na kimaisha ni wale walioshika pande zote mbili: utamaduni wa asili na ule wa ugenini. Waliokuwa na hali mbaya ni wale ambao hawakujua waelekee wapi. Lugha ya nyumbani ndiyo lugha ambayo binti huyu anaweza kuitumia kusema "naumia" na ikatoka sawasawa. Kuifunga ni kuuziba tena mdomo ule tuliotumia miezi kuufungua. Mama alikubali nusu: lugha mpya wakati wa kazi za shule, ya nyumbani wakati mwingine wote.

Ni mwezi wa kumi na moja sasa tangu aje kwangu. Usingizi wake ni wa saa saba na kitu siku za shule. Maumivu ya tumbo yamekwisha, ya kichwa hurudi siku za mitihani. Ana rafiki mmoja, naye mhamiaji kutoka nchi nyingine kabisa. Wanazungumza lugha mpya kwa makosa yao wote wawili na hakuna anayemcheka mwenzake. Na mama bado wanagombana, siku hizi kuhusu saa ya kurudi nyumbani, ugomvi ambao kila mama na binti wa umri huo wanao. Bibi aliumwa mwezi uliopita na binti alirudia kukesha kwa siku nne; mama alikesha naye.

Simu yake sasa ina saa mbili kwenye kioo, ya huku juu, ya bibi chini. Tunaonana mara moja kwa mwezi. Ninachokifuatilia ni usingizi, chakula, na kama atapata ruhusa ya kusafiri likizo kwenda kumwona bibi. Maombi yamepelekwa, majibu hayajatoka.